Kipimo, Kiwango na Kinga: Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Dawa Katika Damu

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi chache za tiba ambazo, zikitazamwa juu juu, hazina tatizo lolote. Si maneno mageni. Kipimo, kiwango, kinga, ufuatiliaji: kila mmoja wetu huyatumia ofisini, shuleni na sokoni. Lakini yakikusanywa katika karatasi moja ya maelezo kwa wagonjwa, maneno haya haya huweza kumfanya mgonjwa aamini kinyume cha alichoambiwa na daktari wake. Hoja yetu ni kwamba ubaya wa istilahi hauko katika ugeni wake tu. Istilahi iliyozoeleka mno nayo hupotosha, na upotoshaji wake ni mgumu kutambulika, kwa kuwa hakuna anayesimama kuuliza maana.

Kilichotusukuma kuandika ni rasimu ya tafsiri iliyotufikia ili tuipitie. Ilikuwa karatasi ya kurasa chache iliyoeleza jinsi madaktari wanavyopima wingi wa dawa katika damu ili kukadiria tiba ya magonjwa ya utumbo yanayotokana na kinga ya mwili. Mfasiri wake hatutamtaja, wala hatukusudii kumkejeli. Alifanya kazi ngumu, na makosa mengi tutakayoyaonyesha ni yetu sote, maana ametumia maneno tuliyomwachia. Tulisafiri na rasimu hiyo hadi Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, tukaisoma pamoja na walimu, wauguzi na watumishi wa ofisi za serikali. Mengi tutakayoyasema tuliyajifunza katika usomaji huo.

Jambo Lenyewe

Kabla ya kulihakiki jina hapana budi kulijua jambo. Magonjwa yanayozungumzwa ni mawili hasa. La kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake wawili, Ginzburg na Oppenheimer, aliueleza mwaka 1932. La pili ni kolitisi ya vidonda, ambayo jina lake linarudi nyuma hadi kwa Samuel Wilks wa London, mwaka 1859. Katika magonjwa yote mawili askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu, huugeukia utumbo na kuujeruhi. Mgonjwa huharisha kwa muda mrefu, huumwa tumbo, hupungua uzito, na mara nyingi huona damu katika choo chake.

Tiba yake ni kuwazuia askari hao wasizidi. Dawa ya azathioprini imetumika kwa miaka mingi. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha infliksimabu kwa ugonjwa wa Crohn, na baadaye ikafuata adalimumabu. Hizi ni kingamwili zilizotengenezwa katika maabara. Huinasa protini iitwayo kwa kifupi TNF, ambayo huchochea utumbo uwake. Infliksimabu hutiwa mshipani kwa dripu: mara ya kwanza, kisha baada ya wiki 2, kisha wiki ya 6, na tangu hapo kila baada ya wiki 8. Dozi ya kawaida ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa.

Hapa ndipo upimaji unapoingia. Wagonjwa wawili wenye uzito sawa waliopewa dozi sawa huweza kuwa na dawa isiyolingana katika damu. Mwili wa mmoja huiondoa upesi. Mwingine, ambaye utumbo wake umeungua sana, huipoteza pamoja na kinyesi. Wa tatu huiona dawa kuwa adui na kuiundia kingamwili za kuiangamiza. Kwa hiyo damu huchukuliwa kabla kidogo ya dozi inayofuata, wakati dawa imepungua kabisa, na maabara hupima mambo mawili: wingi wa dawa iliyobaki, na kuwapo kwa kingamwili dhidi ya dawa hiyo. Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani ulipendekeza kwamba, kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake bado unamsumbua, infliksimabu isipungue mikrogramu 5 kwa mililita, na adalimumabu isipungue mikrogramu 7.5.

Majibu ya maabara humwelekeza daktari. Dawa ikiwa kidogo na kingamwili hazipo, dozi huongezwa au hutolewa kwa karibu karibu zaidi. Dawa ikiwa kidogo na kingamwili ni nyingi, kuongeza dozi hakusaidii sana, na mara nyingi mgonjwa hubadilishiwa dawa nyingine ya kundi hilo hilo. Dawa ikiwa ya kutosha na mgonjwa bado anaugua, basi dawa za kundi hilo haziufai ugonjwa wake, na hutafutwa kundi jingine. Ni hesabu ya wazi. Hesabu ya wazi, hata hivyo, hutaka maneno ya wazi.

Kipimo Kimoja, Kazi Tatu

Tuanze na sentensi ya rasimu iliyotufanya tuweke kalamu chini: "Kipimo kikionyesha kwamba kipimo ni kidogo, kipimo kitaongezwa."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Kila kipimo kina haki yake. Cha kwanza ni uchunguzi wa maabara, kama wananchi wanavyosema "nimekwenda kufanya kipimo." Cha pili ni wingi wa dawa katika damu. Cha tatu ni dozi, kama vitabu vya afya vinavyosema "kipimo cha dawa kwa mtoto." Mwalimu mmoja wa Muleba, baada ya kuisoma sentensi hiyo mara mbili, alisema kwamba yeye angeelewa kuwa atatolewa damu zaidi. Msomaji mwingine alielewa kuwa atapewa dawa zaidi. Wote wawili ni wasomi, na wote wawili wana kamusi upande wao.

Inatupasa tujiulize kwa nini kasoro hii haionekani katika shughuli nyingine. Mkulima wa Kagera anapopeleka kahawa yake ya maganda katika chama cha msingi, kahawa huwekwa juu ya mizani, huhesabiwa kwa kilo, na hupangwa kwa daraja. Chombo kina jina lake, wingi una jina lake, na ubora una jina lake. Karani akimwambia mkulima kwamba "kipimo cha kipimo chako ni kipimo cha pili," zitazuka fujo pale pale, maana fedha ya mtu imo katika maneno hayo. Zahanati imekosa mgawanyo huo si kwa sababu Kiswahili ni maskini, bali kwa sababu sisi tunaoshughulika na istilahi tumeliacha neno moja libebe mizigo mitatu.

Pendekezo letu ni kwamba katika fani hii kipimo kibaki na maana ya uchunguzi wa maabara tu, kwa kuwa ndiyo maana iliyoshika mizizi kwa wagonjwa. Dozi iendelee kuwa dozi. Wako watakaolikataa neno hilo kwa kuwa ni la mkopo, lakini limekwisha kufika vijijini na kila mama anayenyonyesha analijua. Kulifukuza neno linaloeleweka ili kulipisha neno la asili linalochanganya si uzalendo wa lugha. Wingi wa dawa katika damu uitwe kiwango, kwa sharti tutakalolieleza sasa hivi.

Kiwango Kikishuka

Sharti lenyewe ni hili: kiwango kisiandikwe peke yake hata mara moja.

Sababu yake imo katika historia ya tiba ya hivi karibuni. Tangu dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, wagonjwa katika kliniki za tiba na matunzo wamefundishwa kufuatilia wingi wa virusi katika damu yao. Virusi vikizidi nakala 1,000 kwa mililita, mgonjwa hupewa ushauri na kupimwa tena. Vikipungua hadi visionekane, ni habari njema. Kwa sababu hiyo, katika kliniki za Bukoba na Muleba kama kwingineko nchini, "kiwango kimeshuka" ni maneno ya furaha.

Sasa mtazame mgonjwa wa utumbo anayesoma katika rasimu: "Kiwango chako kikishuka, mwone daktari." Muuguzi tuliyesoma naye alisema papo hapo kwamba wengi wataidhani sentensi hiyo kuwa imekosewa na mpiga chapa. Katika Ukimwi anayepimwa ni adui, na upungufu wake ni ushindi. Katika tiba tunayoizungumza anayepimwa ni rafiki, na upungufu wake ni hatari. Neno ni moja, maabara inafanana, bomba la sindano ni lile lile, lakini maana imepinduka. Mfasiri aliyeko mezani Dar es Salaam hawezi kuliona jambo hili katika kamusi. Hulionea mahali ambako neno linaishi.

Kwa hiyo iandikwe daima "kiwango cha dawa katika damu" au "kiwango cha virusi katika damu," hata kama urefu wake unachosha. Ufupi ni sifa ya istilahi, lakini si sifa ya kwanza.

Rasimu ina kosa la pili katika eneo hili. Kile kiwango kinachopimwa kabla tu ya dozi inayofuata, mfasiri amekiita "kiwango cha chini." Tafsiri hiyo ni sahihi kwa upande mmoja, maana wakati huo ndipo dawa inapokuwa chini kuliko wakati mwingine wowote. Lakini katika fomu ya majibu yataandikwa maneno haya: "Kiwango cha chini: 6." Mganga aliye mbali na maabara atasoma kwamba kiwango ni cha chini, yaani hakitoshi, na huenda akaongeza dozi isiyohitajika. Jina la wakati limegeuka kuwa hukumu. Barua ya mgonjwa huweza kuanzia katika zahanati ya kijiji, ikapita hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bukoba, hadi Bugando jijini Mwanza, na kurudi. Katika kila kituo husomwa na mtu mwingine. Istilahi inayomtegemea msomaji akumbuke maelezo ya mwandishi haitafika salama mwisho wa safari hiyo.

Tulipolijadili jambo hili, mwenzetu mmoja mzaliwa wa pwani alipendekeza "kiwango cha kupwa," kwa kulinganisha na bahari inavyopwa na kujaa. Tunakiri kwamba pendekezo hilo lilituvutia. Ni Kiswahili safi, lina mwenzake tayari, yaani "kiwango cha kujaa," na halimhukumu mgonjwa. Lakini Ziwa Victoria halipwi wala halijai kwa namna ya bahari, na mtoto wa Bukoba hukutana na kupwa katika kitabu cha jiografia tu. Zaidi ya hayo, neno hilo halimwambii mhudumu ni wakati gani achukue damu, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu damu iliyochukuliwa siku mbili baada ya dripu itatoa tarakimu kubwa isiyo na maana. Tunapendekeza "kiwango cha kabla ya dozi." Halina utamu wa bahari. Hata hivyo, anayelisoma anajua la kufanya.

Neno Kinga Katika Kagera

Tunafika sasa kwenye neno lililotupeleka Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, katika Hospitali ya Ndolage, iliyoko Muleba. Kabla ugonjwa haujawa na jina rasmi, wananchi waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyopendwa katika biashara ya mpakani. Ng'ambo ya pili ya mpaka, nchini Uganda, uliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na makala ya madaktari iliyochapishwa mwaka 1985 ilizitaja dalili zake kubwa kuwa kukonda na kuhara. Ndipo likaja Ukimwi, yaani upungufu wa kinga mwilini.

Kwa kuliunda neno hilo Kiswahili kilifanya kazi nzuri. Ni fupi, linatamkika, na linaeleza ugonjwa kwa haki. Lakini kila istilahi inayofaulu huwa na gharama, na gharama ya Ukimwi ililipwa na neno kinga. Kabla yake kinga ilikuwa neno pana na la amani. Mtu alikinga maji ya mvua, alikinga uso kwa mkono, na waganga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Tangu miaka ya 1980, katika mkoa ambao kaya nyingi zilizika watu wao, "kinga yake imeshuka" imekuwa njia ya adabu ya kusema jambo lisilotajwa.

Rasimu yetu inasema: "Wewe una ugonjwa wa utumbo wa kinga. Utapewa dawa za kupunguza kinga." Tuliposoma sentensi hizi mbili mjini Bukoba, chumba kilinyamaza. Kisha mtumishi mmoja wa ofisi ya halmashauri akasema, kwa upole, kwamba karatasi hii inampa mtu Ukimwi mara mbili: mara ya kwanza kwa kumwambia kwamba anao, na mara ya pili kwa kumwahidi dawa ya kumletea.

Yafaa kutafakari maneno yake. Mgonjwa huyu anahara na anakonda, na tayari majirani wameanza kumtazama kwa jicho la zamani. Amepimwa virusi na hana. Amekuja akitafuta jina jingine la maradhi yake, na sisi tunampa kinga. Asipoimeza dawa hiyo, tutasema ni mjinga. Lakini nani aliyemfundisha kwamba kupungua kwa kinga ni kifo? Ni sisi, kwa mabango na redio, na tulimfundisha vema.

Isitoshe, ukweli wa kitaalamu umepinduka vile vile. Katika Ukimwi kinga imepungua. Katika magonjwa haya kinga imezidi na kukosa shabaha. Kuyataja mambo mawili yanayopingana kwa neno moja bila kionyeshi ni kosa la istilahi hata pale ambapo hakuna aliyeumia.

Tukaanza kutafuta. "Kushusha kinga" na "kupunguza kinga" tuliyakataa kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. "Kufubaza kinga" lina mvuto, kwa kuwa kufubaza kumekwisha kuzoeleka katika "kufubaza virusi," lakini mazoea hayo hayo ndiyo hatari, maana mgonjwa atadhani amepewa dawa za Ukimwi. "Kutuliza kinga" lilipendwa na wauguzi. Lina ubinadamu ndani yake. Shaka yetu ni kwamba linatuliza mno: dawa hizi huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na mgonjwa hupaswa kuchunguzwa kwanza. Neno lisilomtahadharisha mtu si neno la huruma. Tunapendekeza "dawa za kudhibiti kinga." Kudhibiti ni kukizuia kitu kisivuke mpaka wake bila kukiangamiza, na hiyo ndiyo kazi ya dawa hizi. Neno hilo pia lina uzito wa kutosha kumfanya mtu aulize juu ya madhara.

Kuhusu jina la ugonjwa, tunashauri kinga isiwekwe katika jina kabisa, bali katika maelezo. "Ugonjwa wa utumbo wa kinga" lina ila nyingine pia, kwa sababu msomaji hajui kama chenye kinga ni ugonjwa au ni utumbo. Wala "ugonjwa wa matumbo" halifai, kwa sababu litasomeka kama homa ya matumbo, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa. "Uvimbe wa utumbo" litamtia mtu hofu ya saratani. Kiswahili kina neno mchochota, ambalo kamusi hulitoa kwa maana ya uvimbe wenye kuwasha na kuuma, na ambalo linangoja kazi. Tunapendekeza "mchochota sugu wa utumbo." Sugu huonyesha kwamba ugonjwa hukaa na kurudi. Litaonekana geni kwa mwaka mmoja au miwili, na ugeni huo una faida, maana mgonjwa atauliza maana yake, naye atapata nafasi ya kuelezwa asilolijua.

Kwa mzaha ulio na mafunzo ndani yake, mwalimu mmoja alitukumbusha kwamba wahenga walikuwa na kinga nyingine, yaani kijinga cha moto, katika methali isemayo "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Tulicheka, lakini alikuwa na hoja. Hata lugha yenyewe ilikwisha kujua kwamba kinga huweza kuunguza.

Kinga, Kingamwili na Lawama

Rasimu inalitumia neno kingamwili kwa maana mbili: mara ni mfumo mzima wa ulinzi wa mwili, mara ni zile protini zinazoundwa dhidi ya kitu maalumu. Kwa mtindo huo imeandika: "Ukiwa na kingamwili nyingi, tiba haitafaulu." Msomaji aliyefundishwa kwamba kinga nyingi ni afya hataelewa kitu. Tunasisitiza mgawanyo ambao wataalamu wengi wamekwisha kuukubali: "mfumo wa kinga" kwa jumla ya ulinzi, na "kingamwili" kwa protini hizo tu. Katika fani hii iandikwe kwa ukamilifu "kingamwili dhidi ya dawa."

Neno la mwisho ni ufuatiliaji. Kwa mtazamaji wa mipango ya serikali halina doa. Lakini katika huduma za Ukimwi kufuatiliwa kumekuwa na maana ya kutafutwa nyumbani kwa mtu aliyekosa kuhudhuria kliniki, na pembeni yake limesimama neno ufuasi, lenye mzizi huo huo, kwa maana ya kumeza dawa kama ulivyoagizwa. Rasimu inaposema "ufuatiliaji wa dawa katika damu yako," mgonjwa husikia kwamba damu yake itatumiwa kuthibitisha kama alizimeza au la. Majibu yakiwa madogo, atajiona mshtakiwa.

Twakumbuka kwamba dripu hutolewa na muuguzi, mbele ya macho yake. Mgonjwa huyo hakuitupa dawa kichakani. Mwili wake umeiondoa upesi, au utumbo wake umeivuja, au kingamwili zimeiharibu. Istilahi inayomlaumu asiye na kosa humfanya afiche, na mgonjwa anayeficha hatibiki. Tunapendekeza kwamba tendo lenyewe liitwe "upimaji wa dawa katika damu," na ufuatiliaji liachiwe mpango wa muda mrefu wa kumwangalia mgonjwa.

Aina mbili za upimaji huo rasimu imeziita "upimaji wa kujibu" na "upimaji wa kujituma." Hapa mfasiri amefuata sura ya maneno ya Kiingereza badala ya jambo. Aina ya kwanza hufanywa mgonjwa anapozidiwa, na ya pili hufanywa kwa tarehe zilizopangwa hata kama mgonjwa yu mzima. Basi ziitwe "upimaji kwa dalili" na "upimaji kwa ratiba." Tofauti hii si ya mapambo, kwa kuwa mabishano ya wataalamu yenyewe yamejengwa juu yake. Utafiti wa Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2015, haukuonyesha kwamba kukadiria dozi kwa kiwango cha dawa kulizidi kuikadiria kwa hali ya mgonjwa katika lengo lake kuu. Tafiti mbili za Norway za mwaka 2021, zilizohusisha magonjwa kadhaa ya aina hii, zilitoa majibu mawili: mwanzoni mwa tiba upimaji kwa ratiba haukuleta tofauti, lakini kwa wagonjwa waliokuwa wakiendelea na tiba ulisaidia kuushika ugonjwa usirudi. Mtu atayaelezaje mabishano hayo kwa Kiswahili ikiwa majina ya pande zake mbili hayaeleweki?

Vile vile tunaomba "tiba ya kushonwa" iondolewe. Ni kweli kwamba sisi sote tunajua tofauti ya nguo ya kushonesha kwa fundi na ile inayonunuliwa tayari. Lakini neno kushona hospitalini lina kazi yake, nayo ni ya sindano na uzi. "Tiba kwa kadiri ya mgonjwa" yatosha.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawawekea wasomaji mapendekezo haya wayajadili:

(a) kipimo: uchunguzi wa maabara peke yake;
(b) dozi: wingi wa dawa anayopewa mgonjwa kwa mara moja;
(c) kiwango cha dawa katika damu: wingi wa dawa uliopimwa, na lisifupishwe;
(d) kiwango cha kabla ya dozi: kinachopimwa kabla kidogo ya dozi inayofuata;
(e) kingamwili dhidi ya dawa: protini za mwili zinazoiharibu dawa;
(f) dawa za kudhibiti kinga: badala ya dawa za kupunguza au kushusha kinga;
(g) mchochota sugu wa utumbo: jina la jumla la magonjwa haya;
(h) upimaji kwa dalili na upimaji kwa ratiba;
(i) tiba kwa kadiri ya mgonjwa.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Mchochota huenda likakataliwa, na pengine kwa haki. Wapo watakaosema kwamba tumeandika juu ya dawa ghali za wachache, ilhali zahanati nyingi zina shida za kila siku. Twajibu kwamba kipimo, kiwango na kinga si maneno ya wachache. Yamo katika kila karatasi inayobandikwa ukutani, na ugonjwa adimu umetusaidia tu kuona ufa uliokuwapo.

Tumalizie kwa shukrani na ombi. Kihaya ni mkopeshaji wa zamani wa Kiswahili: neno ngeli, ambalo hakuna mwalimu wa sarufi awezaye kufundisha bila kulitaja, limetokana na lugha hiyo. Tunawaomba walimu, wauguzi na wafasiri wa Bukoba na Muleba, na wa mikoa mingine pia, watuandikie maneno wanayoyatumia wanapomweleza mgonjwa kwamba dawa yake imepungua katika damu na kwamba kosa si lake. Neno zuri huenda limekwisha kutamkwa kitandani pa mgonjwa, nasi wa ofisini bado hatujalisikia.